Bonyeza tu, mengine tuachie

Niligundua saa sita usiku, nimeketi kitandani na laptopu mapajani. Kwenye video, shosho wa bi harusi amesimama katikati ya ukumbi, mkono kiunoni, anawaimbia wageni wa upande wa pili wimbo wa kuwatania. Watu wanacheka hadi wanashikilia meza. Na juu ya uso wake, juu ya ukuta, juu ya vitambaa vya meza, milia mipana ya kijivu inapanda polepole kutoka chini kwenda juu, kama mtu anavuta pazia lisilo na mwisho. Nikafungua faili ya pili. Milia. Ya tatu. Milia. Ruracio nzima, kuanzia wazee walipobisha mlango hadi keki ilipokatwa.

Kazi hiyo ilikuwa ya shilingi 16,000. Nilikuwa nimelipwa nusu, na nusu ya pili tayari ilikuwa na mwenyewe, yaani mwenye nyumba. Baba ya bi harusi alipoona sampuli alinipigia simu. Hakufoka. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu, hii milia itatoka?" Nikamwambia haitatoka yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa." Kwa hiyo "sawa" nilijua ile nusu ya pili imeenda, lakini si hiyo iliyoniuma. Iliyoniuma ni kwamba shosho hatauimba ule wimbo tena vile. Vitu vya namna hiyo hutokea mara moja, na mimi ndiye niliyeaminiwa kuvishika.

Kamera haikuwa mbovu. Kosa lilikuwa mstari mmoja kwenye menyu, katika ukurasa ambao sikuwahi kuufungua. Baadaye nilikaa nikahesabu: kamera yangu ina vitufe na magurudumu 17, na menyu yenye kurasa zaidi ya 40. Niliinunua ikiwa imetumika, bila kitabu cha maelezo, na kwa miaka miwili nilikuwa nikijiambia naijua. Kumbe nilikuwa najua vyumba vitatu vya jumba zima.

Insha hii ilianza kama hasira. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba kifaa cha kupiga picha kiwe na kurasa 40. Nilipoanza kufuatilia nikakuta hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa, ila kuna historia ndefu ya watu waliotuahidi urahisi.

*

Wacha nianze na mjomba wangu. Alipiga picha Uhuru Park kwa zaidi ya miaka 20. Kama nyumbani kwenu kuna albamu ya zamani, na ndani kuna picha ya wazazi wako wakiwa vijana, nguo za Jumapili, mmoja amelala kwenye nyasi kwa kiwiko na KICC inaonekana nyuma, basi picha hiyo ilipigwa na mtu kama mjomba. Ulipiga pozi, ukalipa kitu kidogo, ukaandika jina lako kwenye karatasi, na baada ya siku kadhaa ukarudi kuchukua picha yako. Wengine hawakurudi. Mjomba bado ana sanduku la picha za watu ambao hawakurudi.

Nilimpelekea kamera yangu siku chache baada ya mambo ya milia. Akaivaa miwani, akaigeuzageuza.

"Hiki kitufe ni cha nini?"

"Inategemea, mjomba."

"Inategemea nini?"

"Inategemea kamera iko kwa modi gani."

"Na hiki?"

"Hicho pia inategemea."

Akacheka. "Mpwa wangu, hii si kamera. Hii ni ofisi ya serikali. Kila mlango unakutuma mlango mwingine."

Kamera yake ilikuwa Pentax K1000, ile iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997 bila kubadilishwa sana. Ina betri, lakini betri ni ya kusukuma sindano ya kupima mwanga tu. Betri ikifa, kamera inaendelea na kazi. Ukitaka picha, unajibu maswali matatu. Filamu uliyoweka ni nyepesi kiasi gani kushika mwanga? Lenzi ifunguke kiasi gani? Mwanga uingie kwa muda gani? Ukishajibu unazungusha lenzi mpaka sura ikae sawa, unabonyeza. Kila jibu lina mahali pake pa chuma, na namba zimechorwa hapo hapo. Ukiishika ikiwa imezimwa, unaweza kusoma hali yake yote kwa jicho, kama saa ya ukutani.

Kilichonishangaza ni hiki: kamera yangu ya kurasa 40 inauliza maswali yale yale matatu. Mwanga haujabadilika. Sasa hizo kurasa nyingine zote zilitoka wapi?

*

Turudi nyuma kabisa. Katikati ya karne ya 19, kupiga picha kulikuwa kazi ya mtu mwenye mzigo. Njia iliyotawala baada ya 1851 ilitaka upake kioo dawa, ukitumbukize kwenye kamera kikiwa bado kibichi, upige, halafu ukioshe kabla hakijakauka. Aliyetaka kupiga picha porini alibeba hema la giza, chupa za kemikali na watu wa kubeba. Ugumu wote ulikuwa mikononi mwa mpiga picha, na aliuona kwa macho yake.

Mwaka 1888, huko Rochester, New York, George Eastman akatoa kisanduku alichokiita Kodak. Kiliuzwa dola 25, kikiwa na filamu tayari ndani ya kutosha picha 100. Hatua zake zilikuwa tatu: vuta kamba, zungusha ufunguo, bonyeza. Picha zikiisha, ulituma kisanduku kizima kiwandani pamoja na dola 10, wakasafisha picha, wakaweka filamu mpya, wakakurudishia. Tangazo lake lilikuwa ahadi moja: wewe bonyeza kitufe, mengine tuachie sisi. Mwaka 1900 ikafuata Brownie, kamera ya dola moja, na watoto wakaanza kupiga picha.

Ahadi hiyo ndiyo imekuwa ikiuzwa mpaka leo. Lakini isome tena polepole. Haisemi kwamba "mengine" hayapo. Inasema kuna "sisi" watakaoyafanya. Zile kemikali hazikuyeyuka, zilihamia kiwandani, zikashikwa na wafanyakazi ambao mteja hakuwaona.

Huku kwetu, "sisi" tulikuwa na sura. Mjomba alikuwa sehemu ya hiyo "sisi". Mtu aliyekuja mjini kutoka Kitui au Siaya hakuhitaji kujua chochote kuhusu lenzi. Alihitaji kusimama wima. Mjomba alijibu yale maswali matatu kwa niaba yake, fundi wa maabara ya picha mjini akajibu mengine. Urahisi wa mteja ulikuwa jasho la mtu mwingine.

*

Hapa nikafikiri nimeshapata jibu: zamani mambo yalikuwa rahisi, halafu kompyuta zikaharibu. Ingekuwa insha fupi. Shida ni kwamba unapomwachia mtu mengine, unamwachia pia kuamua.

Kwa miongo kadhaa, maabara za picha zilipima rangi kwa kutumia kadi maalumu kutoka Kodak. Kadi hizo zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na zikaitwa kadi za Shirley kutokana na jina la mmoja wa wanamitindo wa kwanza. Fundi aliangalia ngozi ya Shirley. Ikitokea sawa, mashine imekaa sawa. Ngozi yetu haikuwa kwenye kadi. Ndiyo maana kuna picha nyingi za rangi za miaka hiyo ambapo mtu mweusi amebaki macho na meno, hasa akisimama karibu na mtu mweupe. Hakukuwa na kitufe cha kurekebisha. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990 tu.

Kisa cha pili ni kigumu zaidi. Polaroid walikuwa na kamera ya vitambulisho, ID-2, iliyotoa picha papo hapo. Nyuma yake palikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya fleshi. Chini ya ubaguzi wa rangi, bidhaa za Polaroid zilitumika Afrika Kusini kutengeneza picha za dompas, vile vitabu vya kupitia ambavyo Mwafrika alilazimika kutembea navyo, ndugu wa kipande walichofungwa shingoni babu zetu hapa Kenya. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo hilo wakaanzisha kampeni dhidi ya mwajiri wao. Hunter alifutwa kazi. Kampuni ilijiondoa Afrika Kusini mwaka 1977.

Fikiria hicho kitufe. Ni kitu rahisi kuliko vyote kwenye insha hii, na kwa kamera ya kawaida tungekishukuru, maana kinafanya ngozi nyeusi ionekane vizuri. Lakini ofisini mwa polisi wa Pretoria, kuonekana vizuri hakukuwa zawadi.

Kwa hivyo nimeacha kusema kwamba zamani kulikuwa rahisi. Zamani maamuzi mengi yalikuwa yamefungiwa kiwandani, na kama yalikuwa ya kukuonea, hukupewa hata ukurasa wa kwenda kulalamikia.

*

Sasa kompyuta. Mwaka 1976 Canon walitoa AE-1, kamera ya kwanza ya aina yake kuwa na kichakataji kidogo cha kielektroniki ndani. Mwaka 1978 wakatoa A-1, ambayo ingeweza kuchagua yenyewe muda wa mwanga na upana wa lenzi. Mwaka 1985 ikaja Minolta 7000, iliyolenga yenyewe, na ambayo ilitoa magurudumu mengi ya zamani ikaweka vitufe vya kubonyeza na kiskrini kidogo juu. Mwaka uliofuata Canon wakaja na T90, yenye gurudumu moja karibu na kidole cha kupigia na kiskrini cha kukuambia gurudumu hilo linafanya nini kwa sasa.

"Kwa sasa" ndilo neno lenye shida. Kwenye K1000, ukizungusha gurudumu la muda, unagusa mitambo ya muda. Gurudumu ni muda, basi. Kwenye kamera ya kielektroniki, ukizungusha gurudumu unatuma ujumbe tu, na ujumbe unaweza kumaanisha chochote. Gurudumu lile lile leo ni muda, kesho ni upana wa lenzi, ukishikilia kitufe kingine linakuwa wepesi wa kushika mwanga. Kwa mhandisi huu ni muujiza, kwa sababu gurudumu moja limefanya kazi ya matano. Kwa anayetumia ni kitu kingine. Hebu fikiria dereva wa matatu ambaye pedali ya breki inageuka kuwa honi akishaingia Thika Road.

Kuna Mmarekani mmoja aliyepigana na jambo hili maisha yake yote. Larry Tesler alifanya kazi katika maabara ya Xerox PARC huko California miaka ya 1970, na ni mmoja wa watu waliotupa kukata, kunakili na kubandika kwenye kompyuta. Alichukia modi, yaani hali ambapo kitufe kimoja kinabadilika maana bila wewe kujua. Alizichukia kiasi kwamba namba ya gari lake ilisomeka kwa Kiingereza "hakuna modi". Tesler pia ndiye anayekumbukwa kwa kusema kwamba kila mfumo una kiasi cha ugumu kisichoweza kupunguzwa, na swali ni nani ataubeba: aliyeutengeneza au anayeutumia. Alifariki mwaka 2020.

Niliposoma hilo nikakumbuka ahadi ya Eastman. Ugumu haukuwahi kuisha. Umekuwa ukihama, kutoka kwa mwenye hema la giza kwenda kiwandani, kutoka kiwandani kwenda kwa mjomba na fundi wa maabara. Ikaja zamu ya dijitali.

*

Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa ndani ya Kodak yenyewe. Mwaka 1975 mhandisi kijana, Steven Sasson, aliunganisha kitu chenye uzito wa karibu kilo 3.6 kilichopiga picha ya nukta 10,000 tu. Kilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti, kisha ukaiangalia kwenye televisheni. Wakubwa wake hawakufurahia sana kitu kisichohitaji filamu. Januari 2012 Kodak waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wao.

Lakini kwa hadithi ya menyu, mwaka muhimu ni 1995. Casio walitoa QV-10, kamera ya dijitali ya watu wa kawaida yenye skrini nyuma, inchi 1.8. Watu waliipenda kwa sababu uliona picha hapo hapo. Kumbe ile skrini ilikuwa pia kiwanja kitupu, na unajua kiwanja kitupu kikikaa mjini kitu gani hutokea. Kuongeza gurudumu kwenye kamera ni gharama: chuma, springi, nafasi, mtu wa kuliunganisha. Kuongeza mstari kwenye menyu ni karibu bure. Kwa hivyo mistari ikaongezwa. Kila toleo jipya lilihitaji kitu cha kuandika kwenye boksi. Na ukishaweka mstari, kuuondoa ni vigumu, maana kuna mtu mahali fulani anautegemea.

Na kumbuka maabara imekufa. Yule fundi aliyechagua rangi, ukali na weusi wa picha yuko wapi? Amegeuzwa kuwa kurasa. Mpangilio wa rangi, kupunguza chenga, aina ya faili, yote yalikuwa kazi ya mtu aliyelipwa kuyajua. "Mengine tuachie sisi" ikageuka kimyakimya kuwa "mengine haya hapa, jichagulie."

*

Basi turudi kwenye ule mstari ulionikosesha kodi.

Kwenye menyu yangu kuna sehemu inayokuuliza uchague PAL au NTSC. Yangu ilikuwa NTSC, kwa sababu mwenye kamera wa kwanza aliiacha hivyo. Hizo ni herufi za televisheni. NTSC ni kifupi cha kamati ya Marekani iliyopanga viwango vya televisheni ya nchi hiyo mwaka 1941, kisha ya rangi mwaka 1953. PAL ilibuniwa na Wajerumani miaka ya 1960. Na nyuma ya zote mbili kuna stima. Mwishoni mwa karne ya 19, kampuni ya Westinghouse huko Marekani ilikaa kwenye stima inayopiga mara 60 kwa sekunde, na AEG ya Berlin ikachagua 50. Televisheni za kila upande zikafuata mapigo ya stima yao. Sisi tuliletewa 50, na ndiyo tunayo mpaka leo kwenye kila soketi ya Kenya.

Taa nyingi za bei nafuu, kama zile ndefu nyeupe za ukumbi wa ruracio, huwaka na kufifia mara mbili kwa kila pigo, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona. Ukiipa kila picha ya video muda wa 1/50 ya sekunde, inameza mawimbi mawili kamili ya mwanga kila mara, na kila kitu kinatulia. Ukiipa 1/60, inameza wimbi moja na thuluthi mbili, na kile kipande kilichobaki ndicho milia. Mimi niliweka 1/60 kwa makusudi. Nilifundishwa na kijana mmoja Mmarekani kwenye YouTube, anayeeleza vizuri sana. Hakunidanganya. Kwao iko sawa. Yeye anaishi kwenye stima ya 60, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna nyingine, kama ambavyo hakuna aliyeniambia mimi.

Kinachonichekesha ni kwamba PAL yenyewe haitangazi tena hapa. Unakumbuka 2015, vita vya kuhamia dijitali, vituo vikubwa vikazimika karibu majuma matatu na nyumba nzima ikabaki kuangaliana? Huo ulikuwa mwisho wa televisheni ya analojia Kenya. PAL ilikufa tukiwa tunaangalia. Lakini kwenye menyu bado iko hai, na siku ile ingeniokoa.

Nilipoelewa hivyo nikaanza kuisoma menyu kama mtu anayesoma faili za zamani. Kamera nyingi, kwa miaka mingi, zilikata video kwenye dakika 29 na sekunde 59. Si joto peke yake. Umoja wa Ulaya ulitoza ushuru wa juu zaidi kamera inayoweza kurekodi dakika 30 au zaidi, kwa kuihesabu kuwa mashine ya video. Basi hotuba ya mzee kwenye harusi ya Machakos ilikatwa katikati na afisa wa forodha wa Ulaya. Namba za picha hufika 9999 na kurudi 0001 kwa sababu kanuni ya majina ya faili iliyowekwa na watengenezaji wa Japani mwaka 1998 iliacha nafasi ya tarakimu nne tu. Kila mstari ni uamuzi wa mtu, wa mahali, wa siku fulani. Umeganda pale, na mwenyewe ameshaenda nyumbani.

Nikatafuta sisi tuko wapi humo. Kamera yangu inaweza kuzungumza lugha zaidi ya 20. Kiswahili hakimo. Tupo sehemu moja tu ninayoijua, chini ya herufi PAL, na hata hapo tuliingizwa na Berlin kupitia London.

*

Kuna wanaosema suluhisho ni kurudi nyuma. Fujifilm walipotoa X100 mwaka 2011, na Nikon wakatoa Df mwaka 2013, watu walizipenda kwa sababu zilikuwa na magurudumu yenye namba zilizochorwa. Mwaka 2014 Leica walitengeneza kamera ya dijitali isiyo na skrini kabisa, toleo la vipande 600 vya kusherehekea miaka 60 ya kamera zao za M. Ona ajabu hiyo: urahisi ambao Eastman aliufikisha hadi dola moja sasa ni anasa ya wenye nazo.

Wengine wanasema tumia simu, yaishe. Simu ndiye Eastman aliyerudi. Bonyeza, mengine tuachie, na "sisi" safari hii ni programu inayochagua mwanga, rangi na ngozi kabla hujainua kidole. Inafanya kazi vizuri, sikatai. Lakini ilifika mwaka 2021 ndipo Google walipotoa simu ya Pixel 6 wakitangaza wazi kwamba wamerekebisha kamera yake ishike vizuri ngozi nyeusi. Hiyo ni zaidi ya miaka 130 baada ya Kodak ya kwanza. Shirley alikaa muda mrefu kwenye kadi, halafu akapata kazi nyingine ndani ya programu.

Kwa hivyo sijaitupa kamera yangu, na bado siipendi menyu yake. Nani alisema lazima uchague kati ya kuamuliwa kila kitu na kutupiwa kila kitu? K1000 haikumwamulia mjomba, wala haikumzamisha. Ilimwonyesha maswali yake wazi, mahali pamoja, kwa namba. Hilo halikuhitaji filamu. Lilihitaji mtu wa kiwandani akubali kubeba sehemu yake ya ugumu, apange, achague, aondoe. Tulipoambiwa kwamba vitufe 17 ni uhuru, nadhani tulikuwa tunapewa kazi yake.

Nilikaa usiku tatu na ile kamera. Nilipitia kila ukurasa, nikitafuta kwenye simu kila neno nisilolijua. Vitufe nane nimevinyima kazi kabisa, ukivibonyeza hakuna kinachotokea. Kwenye ule ukurasa wa kujipangia mwenyewe nimeweka mistari sita tu, na wa kwanza ni PAL. Nimebandika kipande cha selotepu nyeupe chini ya kamera, nimeandika kwa kalamu: 1/50.

Familia ile niliwapelekea picha zote za kawaida, nikazisafisha vizuri, bila kuuliza habari za pesa. Video pia niliwapa. Niliijaribu kila programu ya kuondoa milia, ikapungua kidogo. Baba ya bi harusi aliniandikia kwamba shosho aliiona na akauliza kwa nini ukumbi ulikuwa na mvua ndani.

Juzi nilipita kwa mjomba. Akaichukua tena kamera, akaigeuza, akasoma selotepu.

"Hii ni ya nini?"

"Hiyo ni stima ya Kenya, mjomba."

Akaitazama kidogo, akatikisa kichwa, akabonyeza kitufe kilichokuwa karibu na kidole gumba. Hakuna kilichotokea.

"Na hiki?"

"Hicho nimekizima."

"Vizuri," akasema. "Bado kumi na sita."